Nusu Shari

Akina mama wa kanisa walifika Jumamosi mchana wakiwa wamebeba sukari, maziwa, mikate, na watu wenye shida kumshinda Mutheu.

Watu hao hawakuonekana, lakini kila mama alikuja na wake. Mmoja alimleta binamu yake wa Kangundo aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Mwingine alimleta mjane wa Masii aliyezika mume, na udongo haujakauka akazika mtoto. Wa tatu, aliyekuwa amechelewa na akaketi karibu na mlango, alimleta msichana aliyelipukiwa na gesi akibandika chai, uso wote ukaungua. Wakawaketisha pale sebuleni katikati ya vikombe na vitambaa vya kufuma, na ikawa ni kazi ya Mutheu kuwatazama mmoja baada ya mwingine na kusema asante Mungu.

"Wewe uko na bahati, Mama Loise," alisema Mama Nzioka, mkubwa wao. "Jicho moja tu! Na hilo lingine si linaona?"

"Linaona."

"Sasa! Kuna wenye hawana hata moja."

Mutheu aliitikia kwa kichwa. Kitambaa cheupe cha hospitali kilifunika mahali jicho lake la kushoto lilipokuwa. Daktari alikuwa amelitoa kabla ya mvua za Novemba kuanza, na akamwambia kwamba kidonda kikipona vizuri anaweza kurudi kuulizia jicho la bandia. Tangu hapo mvua zilikuwa zimenyesha na kukatika, mahindi ya kwao Katelembo yalikuwa yamefika magotini, na bado hakuwahi kukutana na mtu ambaye hakumwambia kwamba ana bahati.

Akainua birika amwongezee Mama Nzioka chai. Alikiona kikombe vizuri sana. Aliyaona maua yake, akaliona hata pengo dogo la ukingoni. Akaimimina chai, nayo ikapita mbele ya kikombe kwa upana wa kidole, ikamwagikia mapaja ya mgeni.

"Uuuwi!" Mama Nzioka aliruka, leso ikitoa mvuke.

"Pole, Mama Nzioka, pole sana, aki sikuona... niliona lakini..."

"Hakuna shida, hakuna shida." Mama Nzioka alijipangusa huku macho yakimtoka machozi. "Afadhali ni chai. Ingekuwa mafuta ya kukaangia mandazi je?"

Wote wakacheka. Mutheu naye akacheka, maana mwenyeji aliyemchoma mgeni wake hana la kufanya ila kucheka. Binti yake Loise, wa miaka minane, aliinuka kimya kimya, akamtoa mamake birika mkononi na kuendelea kumimina. Hakuna aliyelizungumzia hilo. Lakini Mutheu alikaa chini, mikono imelala juu ya magoti, akijihisi mgeni katika nyumba yake.

"Hata sisi hapa si tuko na Ndeti wetu," alisema Syombua, mama mkwe wake. Ndeti alikuwa shemeji wa Syombua, ndugu ya marehemu mume wa Syombua, na aliishi peke yake ng'ambo ya shamba. "Haoni chochote, mchana wala usiku. Mmesikia akilalamika?"

"Hata siku moja," wakajibu akina mama.

"Basi."

Walipoomba na kuondoka, waliacha sukari na mikate juu ya meza. Wale wengine waliokuja nao waliwaacha pia.

*

Titus, mume wa Mutheu, alifika jioni. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya kulipia karibu na Syokimau, na siku za wiki alilala huko huko katika chumba cha kupanga. Alikuwa mwanamume mpole, asiyekunywa, aliyekipenda Kiingereza kama wengine wanavyopenda mpira. Kabla hajavua koti alisikia habari ya chai kutoka kwa mamake, kwa hiyo alipoingia jikoni alikuwa tayari na maneno.

"At least hakuungua vibaya," alisema.

Mutheu alikuwa akikata sukuma wiki polepole, kidole kikilinda kisu kisikosee.

"Mutheu, hata mimi naumia. Lakini huwezi kukaa hivi tu. Lazima uweke mambo in perspective."

"Hiyo ni nini kwa Kiswahili?"

Titus alifikiri, akafurahi kidogo, maana lilikuwa swali la kimasomo na maswali ya namna hiyo aliyaweza. "Ni kukipa kitu ukubwa wake wa kweli. Ukiweka kidole hapa karibu na uso, kinafunika vilima vyote vya Mua. Ukikisogeza mbali unaona ah, kumbe ni kidole tu. Unalinganisha. Ndiyo maana Mwingereza akipatwa na jambo anasema at least, yaani angalau. Anasema it could be worse, ingeweza kuwa mbaya zaidi. Anapima hili na lile, anaona kumbe si kubwa sana."

"Daktari alisema ni hiyo ndiyo nimepoteza."

"Ni gani?"

"Ya kujua kitu kiko mbali ama karibu. Alisema inataka macho mawili."

Titus akasogea amshike bega, lakini alitokea upande wa kushoto, na mkono wake ulipomgusa Mutheu alishtuka hadi kisu kikamponyoka na kuanguka sakafuni. Wakakitazama wote wawili. Titus akakiokota, akakiosha, akakirudisha mezani kwa uangalifu kana kwamba ndicho kilichoumia.

"Utazoea," alisema. Kisha akaongeza: "Mama anataka tufanye maombi ya shukrani. Mwisho wa mwezi. Kitu kidogo tu, watu wa kanisa na majirani."

"Shukrani ya nini?"

"Ya hilo lililobaki, Mutheu."

Usiku ule Mutheu alilala upande wake wa kulia, kama ilivyokuwa desturi yake, jicho zima likiwa limezama ndani ya mto. Hivyo hakumwona mumewe ingawa taa ilikuwa inawaka na mumewe alikuwa amemgeukia.

*

Kiwandani Mutheu alikuwa fundi. Kule EPZ, eneo la viwanda la Athi River, kwenye laini ya suruali za jinzi, mifuko ya nyuma ilikuwa yake, na wasichana wapya waliletwa wasimame nyuma ya kiti chake watazame. Mishono miwili sambamba, kutoka kona hadi kona, bila kupinda. Hakuna aliyewahi kumwuliza kama aliipenda kazi hiyo, na yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza. Alijua tu kwamba mstari ukinyooka chini ya mkono wake, kuna kitu kifuani nacho kilinyooka.

Aliporudi baada ya likizo ya ugonjwa alikaa kwenye mashine yake akaanza. Uzi ulimkataa kwanza. Alikuwa akiupeleka kwenye tundu la sindano nao unapita pembeni, tena na tena, mpaka jirani yake akaegemea na kumtungia bila kusema neno. Kisha mishono ikaanza kutembea. Ilianza vizuri, ikafika katikati ya mfuko, halafu ikajipindia yenyewe kama mlevi aliyeikosa njia ya kwao.

Nzisa, msimamizi wa laini, aliinua suruali moja, akaiweka chini, akainua nyingine. Yeye na Mutheu walikuwa wameajiriwa mwaka uleule. Kuna wakati walikuwa wakigawana chapati.

"Mutheu, hii haiwezi kwenda kwa mnunuzi."

"Nipe siku chache. Mkono utazoea."

"Siku sina. Hata mimi niko na watu juu yangu." Nzisa aliteremsha sauti. "Nimeongea nao. Utaenda finishing, ukate nyuzi."

Kukata nyuzi ilikuwa kazi ya walioajiriwa juzi. Ukipewa mkasi mdogo, unasimama mezani, unatafuta nyuzi zilizochomoza kwenye nguo zilizoshonwa na wengine.

"Na mshahara?"

"Ni wa finishing." Nzisa alimgusa mkono. "Lakini afadhali wewe, Mutheu. Ungeona wasichana wenye wamejipanga pale getini kila asubuhi wakitafuta hata hiyo. Wewe umewekewa nafasi."

"Asante," Mutheu alisema, kwa sababu ndilo jibu lililokuwa likisubiriwa.

Siku zile za kwanza za finishing alikula chakula cha mchana peke yake bila kuelewa kwa nini. Alikuja kuelewa siku ambayo Bonface, kijana wa kupiga pasi, alijitokeza mbele yake na sahani mkononi.

"Niaje, Mutheu. Siku hizi unatulenga ama?"

"Nawalenga vipi?"

"Si nakusalimia kila morning ukiingia, unapita tu. Wasee wanasema umeanza kuringa tangu utoke hosi."

"Unanisalimia ukiwa upande gani?"

Bonface alifikiri. Polepole uso wake ukabadilika. Akakitazama kile kitambaa kana kwamba ndiyo kwanza anakiona.

"Aki pole," alisema. "Sikuwa nimeshikanisha. Lakini at least kazi bado iko, si ndio?"

Alienda kukaa na wenzake, akawaeleza. Mutheu aliwaona wakigeuka kumtazama, mmoja mmoja, halafu wakigeukia tena sahani zao. Kuanzia siku hiyo walianza kumsalimia kwa sauti ya juu sana, kama wanaomsalimia mtu asiyesikia.

*

Jumamosi iliyofuata Syombua alifunga muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, katika bakuli, akajitanda mtandio, akamwita.

"Twende, mwiitu wakwa, binti yangu. Nataka umwone mtu."

Mutheu alijua ni nani. Walipita kati ya mahindi wakishika kijia chembamba, Syombua mbele, Mutheu nyuma akipima kila hatua kwa ncha ya kiatu, mpaka wakafika kwenye nyumba ya tofali ya chumba kimoja. Ndeti alikuwa ameketi mlangoni, redio miguuni. Zamani aliuza viatu vya mitumba soko la Machakos, na watu walisema alikuwa na mdomo wa kumuuzia nyoka viatu. Kisha presha ya macho ikamla polepole, jicho moja, halafu la pili.

"Ni nani?" aliuliza.

"Ni sisi. Nimekuja na mke wa Titus." Syombua aliweka bakuli chini. Halafu akamgeukia Mutheu na kusema kama mtu anayeonyesha ng'ombe mnadani: "Unaona? Anajipikia, anajifulia. Choo anaenda mwenyewe kwa kamba ile. Haoni hata mwanga wa jua. Na bado anamshukuru Mungu."

Mutheu alimtazama Ndeti: shati lililofungwa vifungo vibaya, kidevu kilichonyolewa upande mmoja zaidi ya mwingine, masizi kwenye shavu ambayo hakuna aliyemwambia. Na ndani yake, kabla hajaweza kulizuia, kukaja jambo jepesi kama pumzi: si mimi. Hapo hapo akaona haya.

"Syombua," Ndeti alisema, "maji yameisha kwa mtungi."

Syombua alichukua mtungi, akaelekea kwenye tangi. Ndeti alingoja mpaka hatua zake zikafifia.

"Umenitazama vya kutosha?"

"Baba..."

"Tazama tu. Si ndiyo umeletewa?" Sauti yake haikuwa na hasira bado, ilikuwa na uchovu. "Tangu nipofuke mimi ni kama zahanati. Walimleta mmoja aliyevunjika nyonga. Wakamleta mwingine aliyeachwa na bibi. Wanakaa hapo hapo umesimama, wananiangalia, wanapata nafuu, wanaenda. Hakuna hata mmoja amewahi kurudi. Wewe je? Umepata nafuu?"

Mutheu alifikiria kudanganya. "Kidogo. Halafu nikaona aibu. Halafu imeisha."

Ndeti alicheka, kicheko kikavu cha mtu ambaye hajakitumia siku nyingi. "Angalau huyu hadanganyi. Hata mimi niko na mtu wangu. Masila, wa kule juu Mua. Yeye haoni na hasikii. Nikilemewa sana namfikiria."

"Inasaidia?"

"Vile umesema. Kidogo, halafu inaisha."

"Na Masila, yeye ana nani?"

Ndeti aligeuza uso upande wa vilima, kana kwamba angeweza kuviona. "Sijui," akasema. "Pengine hana." Kisha, kama anayelikimbia wazo hilo: "Hebu niambie hilo jicho lilitokaje. Mimi husikia tu limetoka. Hakuna mtu huniambia habari nzima."

Basi Mutheu akamwambia. Walikuwa wanapura mbaazi za Syombua, wakizipiga kwa fimbo juu ya gunia, kapi likaruka likamwingia jichoni. Likawasha. Syombua akamtafutia maziwa ya jirani aliyekuwa akinyonyesha, akamtilia. Siku ya pili jicho likawa jekundu, taa ikawa inalichoma. Mutheu akasema labda aende hospitali. Siku ya tatu akasema tena. Alipokwenda hatimaye kulikuwa na doa jeupe juu ya mboni na usaha umeingia ndani, na daktari akauliza mbona hamkumleta mapema.

"Na mbona hukuenda mapema?" Ndeti akauliza.

Mutheu alitazama upande wa tangi.

"Nimekuuliza."

"Mama alisema ni takataka tu, itatoka. Alisema..." Akasita. "Alisema nisijifanye mgonjwa kwa sababu ya kapi, na wewe uko hapa huoni kabisa na hulii. Nikaona ni kweli. Nikaona aibu kwenda."

Mkono wa Ndeti ulitafuta redio, ukaizima, ingawa sauti yake ilikuwa ndogo tayari. Kutoka kwenye tangi kulisikika maji yakijaa mtungini.

"Kwa hivyo jicho lako limeenda kwa ajili yangu."

"Sikusema hivyo, baba."

"Umesema." Ndeti aliisukuma redio pembeni kwa mguu. "Miaka yote hii nikinyamaza. Unafikiri nanyamaza kwa sababu sina la kulalamikia? Nililalamika mwaka wa kwanza nikaona hawaji. Nikanyamaza ndiyo waje. Kumbe wanachukua kimya changu wanaenda kuwanyamazisha nacho wengine." Akapapasa mlango, akainuka. "Nenda nyumbani, mwiitu. Leo sitaki mtu. Na umwambie Syombua kwa hayo maombi yenu sitakuja kukalishwa mbele."

Akaingia ndani. Mutheu alikuwa amekwisha kugeuka aliposikia sauti ikitoka gizani mle.

"Lakini urudi."

*

Siku ya maombi walikuja wengi kuliko Titus alivyotarajia. Viti vya plastiki vya kanisa vilipangwa uani, pilau ikachemka, na mbele kabisa, karibu na meza ya mchungaji, Syombua aliweka kiti chenye mto na kukizuia kwa mkoba wake. Kilikuwa cha Ndeti. Mutheu alikuwa amempa ujumbe, lakini Syombua alisema wazee husema hivyo halafu huja. Kiti kilikaa kitupu, na mkoba juu yake.

Titus alikuwa amevaa tai. Alizunguka akiwasalimia watu kwa furaha ya mtu aliyeshikilia jambo lililo zito mno na ambaye leo anaona wamekuja wa kumsaidia kulibeba.

Mchungaji alihubiri kwa ufupi. Alisema Mungu hampi mja wake mzigo asioweza. Alisema wahenga hawakukosea waliposema bora nusu shari kuliko shari kamili, na leo tumekusanyika kumshukuru Mungu kwa ile nusu aliyotuondolea. "Sasa dada yetu atasimama atupe neno la shukrani."

Mutheu akasimama. Watu wa upande wa kulia aliwaona. Wa kushoto aliwasikia wakipumua.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Nashukuru mmekuja. Nashukuru kwa hili jicho ambalo linaona." Amina zikafuata, za kutia moyo. Hapo ndipo ilipotakiwa aketi. Titus alikuwa tayari ameinua mikono apige makofi. "Lile lingine," Mutheu akaendelea, akageuza kichwa awaone na wa kushoto. "Lile lingine nililipenda. Sijui kama mtu husema hivyo juu ya jicho. Lilikuwa langu. Nililitumia kushona. Nililitumia kumwona Loise akizaliwa. Na tangu litoke sijapata nafasi ya kulilia, kwa sababu kila nikianza mnaniletea mtu mwingine nimlilie yeye kwanza. Nawahurumia wote. Kweli. Lakini nikimaliza kuwahurumia, jicho langu bado halipo." Alitaka kushika ncha ya meza, akaikosa, akaishika. "Ni hayo tu."

Hakuna aliyesema amina. Mama Nzioka aliitazama leso yake. Mtoto fulani aliuliza kwa sauti, "Mama, amemaliza?" na akafinywa. Mchungaji, mtu mwenye uzoefu, alianzisha wimbo, na watu wakaushika haraka kama wanaozama wanaposhika kamba.

Walikula wakisemezana chini chini. Wengi waliondoka kabla ya chai. Kila aliyeaga alimshika Mutheu mkono kwa uangalifu, na hakuna aliyemwambia ana bahati, wala aliyemwambia neno lingine. Alikuwa amewanyang'anya maneno waliyokuwa nayo, na mengine hawakuwa nayo. Ukimya ule ulikuwa mkubwa kuliko aliouzoea, na kwa muda, akisimama pale uani akiwatazama wakitoka langoni wawili wawili, alijuta.

"Umemwaibisha mama," Titus alimwambia walipobaki peke yao. Alikuwa amelegeza tai. "Amekopa viti, amepika tangu asubuhi. Mbele ya mchungaji, Mutheu!"

"Sikumtaja mama."

"Hukumtaja." Akavuta pumzi. "Na mimi? Ungeniambia mimi kwanza hayo maneno. Mimi ni bwana yako."

"Nilianza kukuambia. Ulinifundisha Kiingereza."

Titus alisimama kama mwanafunzi aliyeulizwa swali asilolitarajia. Kisha akaanza kupanga viti, kimoja juu ya kingine, ingawa vya kanisa havikutakiwa mpaka kesho.

Mutheu alizunguka nyuma ya nyumba. Syombua alikuwa ameinama juu ya karai, mikono imezama kwenye povu, rundo la sahani kando yake. Hakuinua kichwa. Mutheu akavuta kigoda, akakaa kumkabili, mahali ambapo angemwona vizuri, akachukua kitambaa na kuanza kukausha. Sahani ya kwanza, ya pili. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mahindi na kuku wameanza kutafuta pa kulala.

"Ndeti hakuja," Syombua alisema mwishowe.

"Hakuja."

"Nilimpelekea chakula. Hakufungua mlango. Aliniambia nikiweke chini niende." Alisugua sahani iliyokuwa safi tayari. "Ameniambia jambo kupitia mlangoni."

Mutheu akachukua sahani nyingine.

"Ni mimi nilikuambia ni takataka," Syombua alisema. Bado hakumtazama. "Ulisema unataka kwenda hospitali, nikasema usijifanye. Mara mbili ulisema. Nimekuwa nikihesabu ni mara moja. Lakini ni mbili."

Maneno ya kumfariji yalimjia Mutheu yenyewe, tayari yamepangwa, kama vitu vilivyo kwenye rafu iliyo karibu. Afadhali ni wewe uliyejaribu kunitibu, wengine wana mama wakwe wasiowajali kabisa. Afadhali halikuwa jicho la Loise. Aliyaona yote, na akaona jinsi yangemtua mzigo huyu mama, jinsi angeshusha mabega na kusema kweli, kweli. Yalikuwa maneno mazuri. Hakuna hata moja lililokuwa la uongo.

"Ndiyo, mama," akasema. "Ni wewe."

Mikono ya Syombua ilisimama ndani ya maji. Mabega yake yakaanza kutikisika, kwanza kidogo, kisha sana, na sauti ikatoka ambayo Mutheu hakuwahi kuisikia kwake, hata siku ya kumzika mumewe. Titus alitokea kwenye kona ya nyumba na kiti mkononi.

"Mama? Ni nini? Mama, usilie, at least..."

"Nyamaza, Titus," mamake akasema.

Titus akanyamaza. Aliwatazama, akakitazama kiti, na kwa kuwa hakujua pa kukipeleka alikiweka chini na kukikalia, hatua chache kutoka kwao. Mutheu hakumfuta mama mkwe machozi, wala hakuondoka. Alishika ukingo wa karai lisiinamie upande mmoja mpaka kilio kikapungua.

Syombua alijifuta pua kwa mkono wenye povu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Novemba, akauinua uso na kumtazama mke wa mwanawe pale pale, penye kitambaa.

"Lilikuwa na kadoa," alisema. "Kadogo, chini ya mboni. Siku Titus anakuleta hapa ulikuwa unaogopa, huniangalii. Halafu ukaniangalia, nikaona hako kadoa. Nikasema huyu ameumbwa vizuri." Akairudisha mikono karaini. "Lilikuwa jicho zuri."

"Lilikuwa," Mutheu alisema, na hapo ndipo alipolia.